Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kazi na biashara kwenye michezo na matukio hapa Dodoma

Haya ni maswali ambayo vijana na akina mama wanaotaka kuingia kwenye hii kazi wananiuliza karibu kila wiki, wengine wananisimamisha pale Uwanja wa Jamhuri mechi ikiisha, wengine wanatuma ujumbe saa 6 usiku. Nimeyaweka pamoja ili mtu asome kwa utulivu. Nimefanya kazi za mechi, mbio, mabonanza na mikutano hapa Dodoma, na Singida mara moja moja, kwa hiyo najibu kwa ninachokiona huku kwetu. Dar mambo yao ni mengine, wana uwanja wa Mkapa wa watu 60,000, sisi tuna hesabu zetu.

Dada mambo, mimi sina mtu ninayemjua kwenye michezo. Naanzia wapi?

Poa. Anzia pale ambapo hamna anayekuuliza cheti. Ndondo za mtaani, mabonanza ya Jumamosi ya vikundi vya jogging, michezo ya shule za msingi na sekondari, yaani UMITASHUMTA na UMISSETA, na michezo ya watumishi. Kwenye hizi shughuli watu wa kusaidia huwa hawatoshi. Ukifika mapema ukasema "naombeni nisaidie kupanga viti" hakuna atakayekufukuza, na siku hiyo hiyo utajua nani anaandaa nini, nani analipa, nani anaongea sana na hafanyi kitu.

Alafu nenda ukajitambulishe kwa afisa michezo wa jiji na kwa watu wa chama cha mpira cha mkoa, DOREFA. Usiende na maneno mengi. Nenda na karatasi moja yenye jina lako, namba yako, unakaa wapi na kazi unayoweza kufanya bila kuelekezwa mara mbili. Hiyo ya "bila kuelekezwa mara mbili" ndo watu wanaitafuta kweli kweli, kwa sababu siku ya tukio hamna mtu mwenye muda wa kukufundisha.

Mbio za barabarani ni mlango mzuri sana pia. NBC Dodoma Marathon ipo tangu 2020 na kila mwaka inataka watu wengi, wa kugawa namba na fulana siku za kabla, wa meza za maji, wa kusimama njia panda kuelekeza wakimbiaji. Ukifanya vizuri kwenye kugawa namba, ambako kuna foleni na kelele na mtu anasema amelipia kilomita 21 wakati mfumo unaonyesha 10, wakubwa wanakuona. Mtu anayeweza kumtuliza mteja mwenye hasira saa 10 jioni baada ya kusimama tangu asubuhi, huyo anaitwa tena.

Mbali na kucheza na kufundisha, kazi gani zipo kweli?

Nyingi kuliko unavyodhani, na hili swali nalipenda kwa sababu watu wanaangalia dakika 90 tu. Chukua mechi moja ya Ligi Kuu pale Jamhuri, tuseme Dodoma Jiji anacheza na Simba au Yanga. Kuna kamisaa wa mchezo, kuna mratibu, kuna kikao cha kabla ya mechi ambacho timu zinakubaliana rangi za jezi mpaka soksi, kuna waokota mipira, wahudumu wa kwanza na gari la wagonjwa, watu wa mageti, wauza tiketi, walinzi, mtangazaji wa uwanjani, fundi wa saundi, wanaofunga mabango ya wadhamini, wanaochora mistari, na wafanya usafi ambao wanaanza kazi wakati nyie mnaondoka. Juu ya hapo kuna watu wa televisheni na gari lao na nyaya zao, na ukivuta waya wao umeharibu siku ya watu wengi.

Televisheni ndo inaamua mambo mengi siku hizi. Azam walisaini mwaka 2021 haki za kuonyesha ligi kwa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Kwa hiyo saa ya mechi, mahali bango linapokaa, hata mwanga, vyote vinaangaliwa kwa jicho la kamera. Mtu anayejua kufunga bango likaonekana kwenye kamera kuu bila kukunjana ana kazi mpaka azeeke. Hiyo ni fani kabisa.

Lazima nisome?

Inasaidia, sio lazima kuanza nayo. Kama unataka utawala wa michezo au ukocha kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kule Mwanza, kama ni jukwaa na sanaa kuna TaSUBa Bagamoyo. Ila kwa hapa Dodoma mimi ningekwambia upate mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu na, kama wewe ni mtu wa mikono, umeme wa VETA. Fundi wa umeme anayeelewa jenereta na jukwaa hakosi kazi.

Shikamoo dada. Nina mtaji mdogo, biashara gani nifanye kuzunguka mechi na matukio?

Marahaba mdogo wangu. Wengi wanakimbilia jezi. Jezi zinatoka mechi za Simba na Yanga tu, mechi nyingine unarudi na mzigo nyumbani, na jezi feki zitakuingiza kwenye matatizo na klabu zenyewe. Mimi nimeona wanaodumu ni wale wanaouza kwa waandaaji, sio kwa mashabiki peke yao. Shabiki anakuja mara moja moja, mwandaaji yupo kila wiki.

Mfano chakula cha wafanyakazi. Kila tukio lina watu wa kulishwa, mafundi, walinzi, vijana wa kugawa maji, mabaunsa. Mama lishe anayeweza kuleta sahani nyingi za wali maharage na mchicha saa 7 kamili, za moto, zimefunikwa, na akatoa risiti, huyo ana soko ambalo halisubiri goli. Mtu mmoja aliniuliza kwa nini nasisitiza saa 7 kamili. Kwa sababu mageti yanafunguliwa saa 8, baada ya hapo hamna anayekula tena mpaka usiku, na mlinzi mwenye njaa anakuwa mkali kwa watu.

Nyingine ni kukodisha vitu, ila usianze na vikubwa. Maturubai na viti vya plastiki kila mtu anavyo, bei zimeshuka mpaka basi. Vitu ambavyo waandaaji wanavitafuta na hawavipati kirahisi hapa mjini ni vizuizi vya chuma vya foleni, redio za mawasiliano, vyoo vya kuhama, spika ndogo za kupaza sauti, na nyaya ndefu za umeme zenye ubora. Uliza kwanza, nenda kwa waandaaji kama watano uwaulize "juzi mlikosa nini?" halafu ndo utoe hela.

Na kama hela huna kabisa, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mnaunda kikundi, mnasajili, mnaandika mpango. Ukiandika mpango wa kukodisha vizuizi kwa matukio ya mji wenye Bunge na wizara zote, na ukaweka majina ya wateja uliokwisha ongea nao, mpango huo una uzito.

Naweka bei vipi? Kila nikitaja bei wananiambia mwingine anafanya kwa nusu.

Tuseme umeombwa kuhudumia bonanza la siku moja. Watu wengi wanahesabu vifaa na usafiri, wanaongeza kidogo, wanataja. Wanasahau siku ya kufunga na siku ya kufungua. Bonanza la Jumamosi linakula Ijumaa nzima ya kupanga na Jumapili asubuhi ya kukusanya na kuosha, kwa hiyo ni siku tatu za watu na gari. Wanasahau chakula cha vijana. Wanasahau kitakachopotea, maana kwenye kila tukio viti vinavunjika na glasi zinaondoka. Wanasahau mafuta ya jenereta kama umeme ukikatika. Wanasahau kodi.

Andika vyote hivi kwenye karatasi, mstari kwa mstari, mpe mteja aone. Akisema mwingine anafanya kwa nusu, muulize kwa upole mstari upi autoe. Akisema toa usafi, sawa, ila aandike kwamba usafi ni wake. Nimeona mara nyingi mteja akisoma ile karatasi anaacha kubishana, kwa sababu anaelewa analipia nini. Na akiamua kwenda kwa wa nusu, mwache aende, mwakani anarudi.

Usitaje bei kwa simu ukiwa kwenye bajaji. Sema nitakutumia leo jioni, na jioni hiyo utume kweli.

Nimefanya kazi, mteja ananizungusha malipo. Nifanyeje?

Hili ndo swali namba moja na nitalijibu kwa urefu kwa sababu limeua biashara nyingi nzuri za vijana hapa mjini, watu wenye vipaji kabisa.

Kwanza, usifanye bila maandishi. Sio lazima mkataba wa mwanasheria, ujumbe wa barua pepe au WhatsApp unaosema kazi ni ipi, tarehe ipi, kiasi gani, malipo ya awali kiasi gani na salio linalipwa lini, na yeye amejibu "nakubali", hiyo tayari ni kitu. Kwa kampuni na watu binafsi dai angalau nusu kabla hujapakia gari. Mtu asiye na nusu kabla ya tukio hatakuwa na nzima baada ya tukio, hasa akitegemea hela za mlangoni.

Pili, serikali na taasisi zake. Hapa Dodoma huwezi kuikwepa serikali, tangu ilipohamia ndo mteja mkubwa. Serikali inalipa, lakini inalipa kwa utaratibu wake na wewe ndo unatakiwa kuujua. Usianze kazi kwa maneno ya mtu mmoja kwenye simu hata awe na cheo gani, subiri hati ya kuagiza, ile LPO. Uwe umesajiliwa kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya serikali. Ukimaliza peleka ankara siku hiyo hiyo au kesho yake na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Watakukata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye huduma, ni halali, ila daima dai hati yake, maana ile ni kodi yako umeshalipa na unaitumia kwenye hesabu zako TRA. Wengi wanaiacha, wanalipa mara mbili.

Alafu angalia kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni. Ankara iliyofika tarehe 28 Juni ina hatari ya kusukumwa mbele, na Julai mara nyingi vifungu vipya vinakuwa bado vinasubiriwa, kwa hiyo unaweza kukaa mpaka Septemba unaangalia simu. Ukifanya kazi ya serikali Mei au Juni, hangaika na karatasi kuliko unavyohangaika na mapambo. Na Bunge la bajeti ndo hilo hilo linakaa kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, mji umejaa, kazi ni nyingi, vyumba bei juu, kila mtu anafurahi, halafu Julai kimya. Hela ya Aprili mpaka Juni weka akiba ya Julai na Agosti. Mwenye biashara ya matukio Dodoma asiyefanya hivi, Agosti anauza spika.

Tatu, kuna asilimia 30 ya manunuzi ya umma iliyotengwa kwa makundi maalum, vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi chenu kikisajiliwa hamtashindana na makampuni makubwa kwenye kila kitu. Mnaniuliza kila siku "serikali inatusaidiaje", hii ipo, ila inataka kikundi chenye karatasi safi na akaunti ya benki inayotembea.

Kuhusu kumdai mtu anayekuzungusha: mpigie kwa heshima, siku ile ile kila wiki, saa ile ile, na kila simu ifuatwe na ujumbe wa maandishi. Usimtukane mitandaoni. Mji huu ni mdogo, wanaoandaa matukio wanajuana wote.

Vibali nachukua wapi?

Inategemea tukio. Burudani na wasanii, BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kupitia afisa utamaduni wa halmashauri. Michezo, chama husika cha mchezo na afisa michezo, juu yao kuna Baraza la Michezo la Taifa. Mkusanyiko wowote mkubwa, polisi. Muziki wa kurekodiwa ukipigwa hadharani, kuna haki za watunzi, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, leseni inalipiwa wapi. Barabara ikifungwa, polisi wa usalama barabarani na wenye barabara. Anza mwezi mzima kabla, na nakala zote ziwe kwenye faili moja ambalo lipo uwanjani siku ya tukio. Sio nyumbani, uwanjani.

Kwa nini unasema sana kuhusu upepo?

Kwa sababu mimi ni wa Dodoma. Mvua huku ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, kila mtu anaiogopa na anapanga nayo. Upepo wa kiangazi hamna anayeupangia, na matukio mengi makubwa yapo kiangazi, mbio, Nanenane kule Nzuguni, mabonanza ya katikati ya mwaka. Asubuhi saa 1 kumetulia kabisa, unafunga turubai, unafurahi, saa 5 vumbi linanyanyuka na turubai linaanza kuvuta.

Vigingi kwenye udongo mkavu wa kichanga vinashika kidogo tu, na sehemu zenye sakafu huwezi kupiga kigingi kabisa. Watu wanafunga dumu moja la maji la lita 20 kila mguu wa turubai. Dumu hilo ni kilo 20. Turubai la mita 6 kwa 12 likishika upepo linanyanyua kilo 20 bila shida, na dumu lenyewe linakuwa kitu cha kurushwa. Weka uzito mkubwa, mifuko ya mchanga au zege, funga kwa kamba kutoka juu ya nguzo na sio chini kwenye mguu, na vua kuta za pembeni upepo ukianza. Mabango makubwa ya plastiki yatoboe matundu ya nusu duara upepo upite. Na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake siku nzima ni kuzunguka kukaza kamba, asipewe kazi nyingine. Kijana huyo kila mtu anamwona kama amekaa bure. Mlipe vizuri.

Mechi au tukio likiahirishwa hasara ni ya nani?

Ya yule ambaye hakuandika. Tarehe 8 Machi 2025 mechi ya Yanga na Simba iliahirishwa siku ile ile, watu wameshasafiri kutoka mikoani, vyakula vimepikwa, ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni. Miaka mitano nyuma yake, Machi 2020, michezo ilisimamishwa kwa sababu ya corona na ligi ikarudi tarehe 13 Juni. Hivi vitu vinatokea na vitatokea tena.

Kwenye makubaliano yako weka mistari mitatu. Tukio likiahirishwa zaidi ya siku saba kabla, unarudisha kiasi fulani. Likiahirishwa ndani ya siku saba, malipo ya awali yanabaki kwako. Likiahirishwa umeshafunga vifaa, unalipwa gharama zote za siku hiyo, na tarehe mpya inakubaliwa kwa maandishi. Idadi ya siku mnapatana, muhimu iandikwe. Kwa wapishi, chukueni vitu vinavyoweza kukaa, na vya kuharibika vinunuliwe asubuhi ya siku yenyewe baada ya kumpigia mratibu simu. Simu ya saa 11 alfajiri ni ya kawaida kwenye kazi hii, hamna atakayekushangaa.

Usalama wa watu ni kazi ya polisi, mimi mwandaaji mdogo inanihusu nini?

Inakuhusu kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa huu. Tarehe 21 Machi 2021 watu 45 walipoteza maisha kwenye msongamano pale Uwanja wa Uhuru wakati wa kumuaga Rais Magufuli. Mei 2023 kwenye fainali ya Yanga na USM Alger pale Mkapa, mtu mmoja alifariki na wengine wakaumia kwenye msongamano wa kuingia. Wote walikuwa watu waliotoka nyumbani kwao kwenda kwenye tukio, na nyumbani wakasubiriwa.

Msongamano unatengenezwa na geti lililochelewa kufunguliwa, geti moja likibeba watu wa mageti matatu, tiketi kuuzwa mlango ule ule wa kuingilia, na uvumi kwamba nafasi zimeisha. Vyote vinne viko mikononi mwa mwandaaji. Uza tiketi mbali na mlango, hata mita mia. Fungua mapema. Milango ya kutokea isifungwe kwa kufuli hata kama unaogopa watu kuingia bure, weka mtu asimame pale. Awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "simamisha kila kitu" na kila mtu amjue kwa sura. Ukiona watu wameanza kuinua mikono juu kutafuta hewa, umeshachelewa tayari, usingoje ruhusa ya mtu, fungua.

Na tafadhali sana, ukumbi wa watu 500 usiuze tiketi 800 kwa sababu eti wengine hawaji.

Napataje mdhamini?

Acha kupeleka barua ya "tunaomba udhamini". Mdhamini anataka kujua watu gani watakuwepo, wangapi, atawafikia vipi na atajuaje kwamba imefanyika. Angalia zile mbio za benki ya NBC hapa Dodoma, fedha zake zilifungamanishwa na mapambano ya saratani ya shingo ya kizazi, kwa hiyo benki haikuweka jina kwenye fulana tu, iliingia kwenye jambo ambalo kila familia inalijua. Wewe na bonanza lako la Nkuhungu au Chang'ombe fanya hivyo kwa kiwango chako. Duka la vifaa vya ujenzi halihitaji bango kubwa, linahitaji mafundi 100 wa eneo hilo kwenye uwanja mmoja. Basi andaa mashindano ya mafundi.

Baada ya tukio peleka ripoti ndani ya wiki, picha kumi nzuri, idadi ya waliokuja, kilichokwenda vizuri na kilichoharibika. Wengi wakishapokea hela hawaonekani tena. Ripoti ndo barua yako ya mwakani.

Mimi ni mwanamke, hii kazi si ya wanaume? Usiku, mabaunsa, ulevi...

Ni yetu pia. Ila sema masharti yako mwanzoni, usafiri wa kurudi nyumbani ukipita saa 4 usiku uwe kwenye bei, na usikubali malipo "tutaongea baadaye" kutoka kwa mtu yeyote. Fanyeni kazi wawili wawili. Kwenye mageti, dada anahitajika kukagua wanawake, na akina dada wapo wachache, kwa hiyo hapo una nguvu ya kupatana bei. Tumia hiyo nguvu.

Vijana wa deiwaka, wa kulipwa kwa siku, wananikimbia katikati ya kazi. Kwa nini?

Uliwaambia wataondoka saa ngapi? Watakula nini? Watalipwa lini? Kijana akijua atalipwa jioni ile ile kwenye simu yake kabla hajapanda bodaboda, anabaki mpaka kiti cha mwisho. Ukimwambia njoo Jumanne, anaanza kuwaza Jumanne tangu saa 6 mchana. Wape fulana za rangi moja, waite kwa majina, na mtu akifanya kitu kizuri mseme mbele ya wenzake.

Kwa kazi ya meza za maji kwenye mbio, waonyesheni kwa vitendo, msiseme tu. Kikombe kinajazwa nusu, kinashikwa kwa juu na vidole, mkono umenyooshwa, na unarudi nyuma kidogo pamoja na mkimbiaji anapochukua. Chupa zinalegezwa vizibo kabla. Meza iwe ndefu, wenye haraka wanapita mbele, na pipa la kutupia liwe mita 50 mbele yake sio pale pale. Dakika 15 za mazoezi kabla ya saa 12 asubuhi, zinaokoa vurugu ya masaa.

Dada, mimi nipo Singida, nakimbia. Kuna maisha kwenye riadha kweli?

Wewe ndo hutakiwi kuuliza hivyo, kwenu kuna Alphonce Simbu! Mtoto wa Ikungi. Rio 2016 alikuwa wa 5, London 2017 akachukua shaba ya dunia, Birmingham 2022 fedha ya Jumuiya ya Madola, na Septemba 2025 Tokyo akawa bingwa wa dunia wa marathoni, saa 2:09:48, muda ule ule na Mjerumani Amanal Petros, picha ndo iliamua. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Hesabu miaka kutoka Rio mpaka Tokyo, tisa. Katikati yake alikuwa na ajira jeshini, na hilo ulikumbuke, wanariadha wetu wengi wanakimbia wakiwa na mshahara wa jeshi au taasisi, hawakai wakisubiri zawadi za mbio.

Kwa hiyo kimbia, na tafuta mahali pa kukushika. Zawadi za mbio zinalipwa kwa kuchelewa kama kila kitu, usikope kwa kutegemea zawadi. Ukipata wakala, usisaini karatasi ambayo hujaisoma na mtu unayemwamini, na uliza asilimia anayochukua na ni kwenye zawadi tu au na malipo ya kualikwa pia. Na kama mguu ukikataa siku moja, anayejua mbio kutoka ndani ni bora sana kwenye kuziandaa, kupima njia, kupanga meza, kuwaambia waandaaji kwamba kuanza saa 2 asubuhi kwa jua la huku ni kuumiza watu.

AFCON 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Nijiandae vipi nikiwa Dodoma?

Usingoje mechi ije mlangoni kwako. Mashindano kama haya yanahitaji watu wa kujitolea, wakalimani, wapishi, madereva, mafundi, na wageni wanazunguka. Treni ya SGR imeanza kazi Dar mpaka Dodoma tangu 2024, safari iliyokuwa ya siku nzima ya basi sasa ni masaa machache, kwa hiyo mtu wa Dodoma anaweza kufanya kazi Dar Jumamosi na akarudi. Jifunze Kifaransa au Kiarabu cha kazi, cha kuelekeza mtu choo, kiti na daktari. Weka kumbukumbu za kazi ulizofanya, picha, barua za shukrani, namba za watu wa kuulizwa. Tangazo likitoka linakaa siku chache tu, mwenye faili tayari ndo anaingia.

Na wenye ngoma, muheme na zeze za Wagogo, jirekodini vizuri sasa. Kule Chamwino wana tamasha lao la muziki wa Cigogo na wageni wanalifuata. Mwandaaji akitafuta kikundi cha kufungua tukio anataka video ya dakika mbili, bei, idadi ya watu na kama mna usafiri. Vikundi vizuri kabisa vinakosa kazi kwa kukosa hivyo vinne.

Nataka kuacha ajira niingie mazima. Sasa hivi au bado?

Bado, mpaka uwe na wateja watatu wanaokuita bila wewe kuwapigia, na hela ya kula ya miezi minne isiyoguswa. Miezi minne kwa sababu ya ile Julai na Agosti niliyosema, ongeza na malipo yanayochelewa. Sajili jina la biashara BRELA, chukua TIN, namba ya mlipa kodi, fungua akaunti ya biashara peke yake na lipa namba ya biashara peke yake, hela ya mteja isikutane na hela ya sokoni. Mauzo yakikaribia milioni 200 kwa mwaka muone mhasibu mapema kuhusu VAT. Na ukiacha, acha Februari au Machi, sio Juni. Aprili Bunge linaanza, simu zitalia, na utakuwa na nafasi ya kupokea.